Shahidi Aliyesifu Kupita Kiasi

Nilimaliza chuo kikuu Dar es Salaam nikarudi Gungu, Kigoma, kwa wazazi wangu nikiwa na cheti, sanduku la vitabu, na tabia ambayo mama aliiita ugonjwa: kila nilichoambiwa nilitaka kujua nani amesema, na amejuaje. Kazi ilikuwa bado haijapatikana. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, na kazi zilizokuwepo mjini Kigoma zilikuwa za mashirika yenye malori meupe. Kila asubuhi vijana waliojua Kiingereza na Kifaransa walijipanga kwenye mageti yao. Nami nilijipanga mara kadhaa, kisha nikachoka kusimama.

Mji ulikuwa umejaa kuliko nilivyouacha. Maboti kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, yalikuwa yakishusha watu Kibirizi na hata ufukweni Ujiji: mama na godoro, mzee na cherehani yake, mbuzi aliyefungwa miguu. Maturubai ya plastiki ya bluu, yaliyokusudiwa kwenda makambini, yalionekana juu ya vibanda vya chapati na kuta za vyoo. Sokoni tulinunua mbaazi za njano za msaada na mafuta ya kula yaliyokuwa kwenye makopo yenye maandishi ya nchi za mbali. Kwa upande wetu wa ziwa, uvuvi wa usiku ulikuwa umesimamishwa kwa ajili ya usalama, na hilo ndilo lililomfikisha baba mdogo kwenye suala la pensheni.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, aliishi Kasingirima, upande wa Ujiji. Alikuwa fundi wa karabai, zile taa za mafuta ya taa zenye pampu ambazo wavuvi huzifunga mbele ya mtumbwi ili kuwavuta dagaa. Taa isiyowashwa haiharibiki, na taa isiyoharibika haimlishi fundi. Mkewe, mama mdogo, alikuwa akikaanga migebuka kibarazani na kuiuza, lakini samaki wale walitosha kula tu. Binti yao alikuwa shule ya bweni Kasulu, na ilikuwa wazi kwa kila aliyeingia nyumba ile kwamba muhula ujao asingerudi shuleni kama kisingepatikana kitu.

Mkono wa kulia wa baba mdogo ulikuwa umekonda kuanzia kiwiko kwenda chini, na vidole vyake vimejikunja havifunguki. Taa alizitengeneza kwa kuzibana katikati ya magoti na kufanya yote kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mgambo aliyechukuliwa kwenda vita vya Uganda nilipokuwa mtoto mdogo, akarudi na mkono huo, na pamoja na wengine wengi akaambiwa ahsante, nenda nyumbani. Karatasi za hospitali ya vitani hakuwahi kupewa.

Tangazo nililiona mimi, ubaoni pale wilayani. Lilisema kwamba wapiganaji wa zamani walioumia wakiwa kazini, na ambao hawajawahi kupimwa, wafike hospitali ya mkoa mbele ya bodi ya madaktari. Atakayekubaliwa kwamba ana ulemavu wa kudumu uliotokana na utumishi atalipwa pensheni ya ulemavu kila mwezi. Nilipanda basi moja kwa moja hadi Kasingirima.

"Baba mdogo, shikamoo. Umeona tangazo la wilayani?"

"Marahaba. Nimelisikia. Linawahusu vilema. Mimi nina kazi."

"Kazi iko wapi sasa hivi?"

Aliangalia taa zake zilizopangwa ukutani, safi, hazina pa kwenda. Mama mdogo akasema bila kugeuka kutoka kwenye karai lake, "Mjibu mtoto. Nami nilikuwa nataka kuuliza hivyo hivyo."

Kwa sababu ya ugonjwa wangu ule, sikuishia hapo. Nilimuuliza kama ana uhakika kwamba kilichomuumiza ni bomu. Watu husimulia mambo ya vita kila mtu kwa namna yake, nikamwambia, na bodi itauliza.

"Hapana," alinijibu, "lilikuwa embe."

Mama mdogo alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Kisha baba mdogo akanieleza, kwa kifupi, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. Walikuwa wakipakua lori la chakula. Alikuwa amebeba gunia la maharage begani. Bomu likapasuka kando ya barabara, gunia likapokea sehemu kubwa ya vyuma, na kilichobaki kikaingia juu ya kiwiko. "Maharage yakamwagika yote. Sajini akanifokea kwa kumwaga chakula cha jeshi kabla hajaona damu. Alipoiona akanyamaza, akaanza kuyaokota yeye." Nilimwamini. Mtu anayejitungia ushujaa hasemi habari za maharage.

Siku iliyofuata nilikwenda kuuliza masharti. Mshauri wa mgambo wa wilaya, mtu mpole aliyeonekana kutolala vizuri, alinieleza kwamba daktari ataupima mkono, hilo ni rahisi. Tatizo ni kuthibitisha ulipoumia. Wamekuja watu walioanguka kutoka kwenye minazi na walioumizwa na injini za boti, wote wakasema vita. Asiye na karatasi lazima alete shahidi asiye ndugu, aliyemjua kabla hajaondoka na aliyemwona aliporudi. Nikajua ni nani.

Mshona nyavu mmoja wa Ujiji, jirani yake baba mdogo, alikuwa rafiki yake tangu wote wawili hawajaoa. Alikuwa mzee mwembamba wa kofia, ambaye babu zake walitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, na yeye na baba mdogo walitaniana kila walipokutana. Utani wao haukuwa na mipaka niliyoijua. Mshona nyavu alimtania kwa kukoroma, kwa upishi wa mkewe, kwa Uha wake. "Muha huyu akisikia sufuria ya ugali imebandikwa Burundi, anavuka mpaka bila kibali." Na baba mdogo alimjibu, "Babu yako alikuja na msafara akachokea hapa. Ndiyo maana na wewe umechoka tangu uzaliwe."

Nilipomwomba aje kutoa ushahidi, alikubali kabla sijamaliza sentensi. Nilimfundisha cha kusema. Aseme tu kwamba baba mdogo aliondoka na mkono mzima na akarudi mkono umeharibika. Aliendelea kuvuta uzi wa wavu wake uliokuwa umefungwa kwenye dole gumba la mguu.

"Nitasema yanayofaa," alisema.

"Useme hayo niliyokwambia, mzee wangu."

"Binti, mimi nimemjua huyu kabla baba yako hajamjua mama yako. Usinifundishe kumsema."

Asubuhi ya kwenda kwenye bodi, baba mdogo alitoka chumbani amevaa koti la harusi yake, limepigwa pasi ya mkaa, mkono wa kulia umewekwa mfukoni kama kawaida yake. Alinukia marashi. Nilikata tamaa.

"Baba mdogo, tunakwenda kueleza shida. Vaa lile shati la kazini."

"Nakwenda mbele ya wakubwa."

"Ndiyo, lakini wakikuona hivi watasema huna dhiki."

"Wakiniona na shati la mafuta ya taa watasema sina adabu. Dhiki wataipima, si ndiyo kazi yao?"

Mshona nyavu alitufuata akiwa na kanzu nyeupe na koti lake, akamzunguka baba mdogo akimkagua. "Leo Muha anaoa tena," alisema. "Mahari ameyatoa wapi?"

Hospitali ilikuwa imefurika. Wadi zilijaa watu waliotoka kwenye maboti, na wengine walilala kwenye mikeka barazani. Bodi ilikuwa imepewa stoo ya dawa, na walioitwa waliingia wakipita katikati ya maboksi ya maji ya dripu. Wakati tunasubiri, mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa na mtoto mwenye homa alikuwa amesimama, na baba mdogo akampa nafasi yake kwenye benchi. Nilimnong'oneza asisimame sana, maana watu wa bodi wangeweza kumwona kupitia mlango akiwa imara. Aliniangalia kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekuwa na homa.

Mle ndani walikuwamo daktari mwanamke aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, afisa wa jeshi mwenye miwani, na karani. Daktari alikwisha kumpima baba mdogo nyuma ya pazia. Alipotoka alikuwa anavaa koti tena, akilivuta kwa mkono mmoja, na daktari alikuwa akiosha mikono. "Mkono una ulemavu, hilo halina mjadala," alimwambia afisa. "Misuli imekufa, na kuna makovu. Lakini ni ya zamani. Siwezi kukwambia ni ya bomu au ni ya kitu kingine."

Waliniruhusu kukaa kwenye boksi kwa kuwa mimi ndiye niliyemsaidia kuandika maombi yake. Nilijaribu kusema kwamba nami namjua baba mdogo tangu utoto.

"Vita vinaanza ulikuwa na umri gani?" afisa aliniuliza.

"Mdogo, afande."

"Basi kaa tusikilize wakubwa."

Shahidi akaitwa. Alisalimu vizuri, akavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia, akakaa. Afisa akamuuliza kama anamjua huyu bwana. Akasema anamjua kuliko anavyojijua mwenyewe. Afisa akamuuliza alikuwaje kabla ya kwenda vitani.

"Mtu safi. Mtu wa watu."

"Kimwili, namaanisha. Alikuwa na afya?"

"Tele."

"Na aliporudi?"

Hapo mshona nyavu alinyanyua kichwa na kuongea kama anayemwombea mtu mchumba. "Aliporudi, alhamdulillahi, alirudi vizuri kabisa. Ni mchapakazi. Hakuna fundi kama yeye ufukwe mzima. Maboti ya wenzetu wa Kongo yalipoanza kufika, nani aliingia majini? Yeye. Alibeba watoto, akabeba vikongwe mgongoni. Vijana walikuwa wamesimama wakitazama."

Afisa alikuwa anaandika.

"Kwa hiyo aliporudi hakuwa na tatizo lolote mwilini?"

"Hakuwa nalo."

"Mkono wake wa kulia?"

Mshona nyavu hakumtazama baba mdogo. "Huyu hana kasoro, afande. Andika hivyo. Hana kasoro hata moja."

Afisa alimtazama daktari, daktari akamtazama baba mdogo. Nilielewa walichokuwa wanakifikiri, maana nami kama ningekuwa kwenye viti vile ningefikiri hivyo. Mkono ni mbovu. Shahidi wake mwenyewe anasema alirudi nao mzima. Basi uliharibika baadaye, kwenye boti au kwenye taa, na jeshi halihusiki. Nilimtazama baba mdogo nikimsihi kwa macho amsahihishe rafiki yake. Alikuwa ametulia, macho yameelekea kwenye maboksi. Binti yake alikuwa anaondoka shule mbele ya macho yetu, na yeye alikuwa amekaa na koti lake la harusi, anasifiwa.

"Ahsante, mzee," afisa alisema. "Unaweza kwenda."

Mshona nyavu aliinuka ameridhika. Ilikuwa inakaribia adhuhuri, alitaka kuwahi msikitini, kwa hiyo akaaga. Alimpa afisa mkono. Akampa karani mkono. Kwa daktari aliweka kiganja kifuani na kuinama kidogo. Akanipa mkono na mimi, ingawa tulikuja pamoja. Kisha akafika kwa baba mdogo, akamshika bega la kushoto, akalibonyeza kidogo, naye baba mdogo akainamisha kichwa. Akaenda mlangoni kutafuta viatu.

"Mzee, samahani," daktari alisema. "Rudi kidogo."

Alirudi, kiatu kimoja mkononi.

"Wengine umewapa mkono, mimi umeniinamia. Mbona huyu umemshika bega?"

Alionekana hakuelewa swali. "Kwani vipi? Ndivyo tunavyosalimiana naye."

"Wewe na yeye?"

"Watu wote. Mtaa mzima."

"Na kabla hajaenda vitani mlikuwa mnasalimiana hivyo?"

"Hapana. Tulikuwa tunapeana mikono kama watu wote."

Afisa aliweka kalamu chini. "Sasa mlianza lini hii ya bega?"

Mshona nyavu aligeuza kiatu mkononi. Nadhani alikwisha kuona njia ilikokuwa inaelekea, na hakuipenda, lakini hakuwa mtu wa kusema uongo juu ya siku na mahali. Alisema polepole kwamba alikwenda kumpokea stesheni, treni ilipowaleta waliorudi. Baba mdogo alishuka. Yeye akanyoosha mkono, mwenzake hakunyoosha wake, akabaki ameuacha mfukoni. "Nikamshika bega. Nyuma yangu kulikuwa na watu wengi wa Ujiji waliokuja kupokea watu wao. Walioona wakafanya vile vile. Tulipofika nyumbani, waliokuwa nyumbani wakafanya vile vile. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Waliozaliwa baadaye wamekuta iko hivyo."

Daktari akanigeukia mimi pale kwenye boksi. "Na wewe, binti? Unamsalimiaje?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikakuta sijui, kisha nikakuta najua. Nasema shikamoo na kumgusa bega la kushoto. Nimefanya hivyo tangu nikiwa mfupi kiasi cha kulazimika kunyanyuka kwa vidole. Nilikuwa nimehoji imani ya mama, siasa za baba, na hata bomu la baba mdogo, lakini sikuwahi hata mara moja kujiuliza kwa nini mtu mmoja tu katika watu wote niliowajua husalimiwa begani.

"Begani," nilisema.

Afisa alivua miwani. Hakukasirika, ila alionekana kama mtu aliyeshangaa na hataki kuonyesha. "Mzee, kwa nini hukusema nilipokuuliza? Nimekuuliza waziwazi. Umenijibu hana kasoro."

"Umeniuliza mbele yake," mshona nyavu alijibu. "Amekaa hapo, ananisikia. Afande, kwenu mnamsema mtu hivyo?"

"Msamehe, afande," baba mdogo alisema, na lilikuwa neno lake la kwanza tangu shahidi aingie. "Anavyonitukana huyu kila siku, anaweza kunimaliza. Lakini mkono hajawahi kuutaja. Hata mke wangu hajawahi kumsikia."

Afisa alichukua kalamu, akafuta kitu, akaandika kwa muda mrefu. Aliandika na ile stesheni, na bega. Nilimsikia akimsomea karani. Mshona nyavu alisimama pale amegeukia ukutani wakati yanasomwa, kama mtu aliyeingia kwa bahati mbaya chumba ambacho mwenzake anabadili nguo.

Njiani kurudi Ujiji hawakusemezana mpaka tulipopita mtaa wa Mwanga. Nilidhani wamegombana. Kisha mshona nyavu akasema kwamba koti lile linanuka dawa ya nondo, na bibi harusi alikimbia kwa sababu hiyo. Baba mdogo akamjibu kuhusu babu yake. Nikajua yamekwisha.

Jibu lilikuja kupitia kwa mshauri wa mgambo, muhula ukiwa bado haujaanza. Ulemavu wa kudumu, uliotokana na utumishi. Mama mdogo aliniambia nimsomee, kisha nimsomee tena, kisha akarudi kwenye karai lake na kugeuza samaki waliokuwa wamekwisha kuiva. Baba mdogo alisema tu kwamba sajini wa maharage angefurahi. Binti yao alipanda lori la Kasulu na sanduku lake la bati. Na uvuvi wa usiku uliporuhusiwa tena, taa zilirudi kwake kama zamani, naye akazipokea. Nilimuuliza, maana siwezi kujizuia, kama mtu anayelipwa kwa ulemavu anaruhusiwa kufanya kazi.

"Waliniuliza kama mkono umekufa," alisema. "Kuhusu mimi hawakuniuliza."

Tangu siku ile ya bodi nilianza kuona mambo. Nilikaa kibarazani kwake nikawatazama wavuvi wakileta karabai zao: kila mmoja, kabla hajazikabidhi, alilegeza vifuniko vilivyokaza, akizungumza mambo mengine, asitazame anachokifanya. Dukani, muuza sukari alimpa furushi upande wa kushoto. Vijana wa mtaani, wale wale niliowaona hawana heshima kwa mtu, walipomwona anatoka na ndoo mlango ulishikwa na mtu aliyetokea tu kuwa anapita. Chuoni tulisoma kurasa nyingi kuhusu namna watu wanavyotunzana, na mimi nilikuwa hodari wa kuonyesha unafiki ulipojificha. Hapa nilitafuta unafiki kwa bidii. Nilipata watu waliokuwa wamekubaliana jambo bila kikao na kulishika kwa miaka, wakiwemo wasioweza kukubaliana hata bei ya nyanya.

Mama aliwaalika Gungu kula, baba mdogo na mkewe na mshona nyavu, kushukuru. Alipika ugali wa muhogo na migebuka ya nazi. Sisi nyumbani ugali tunakula kwa mkono, kama watu wote. Lakini nilipokuwa naandaa, mama alinipa vijiko kutoka kabatini, vijiko vya kuwatosha watu wote, na nikakumbuka kwamba vilitoka kila baba mdogo alipokuja, tangu zamani, na kwamba nikiwa mtoto nilidhani ni kwa sababu ya ugeni.

"Mama," nilimuuliza jikoni, kwa sauti ya chini, "vijiko ni kwa sababu ya mkono wake?"

Mama alikuwa anasonga. Hakusimamisha mwiko.

"Vijiko ni kwa sababu ugali ni wa moto," alisema. "Peleka, watu wana njaa."

Nilivihesabu visipungue, nikapeleka.